Hogan na Flair, Indianapolis 1992: Pambano Ambalo Halikupigwa

Aprili 5, 1992, watu 62,167 walijaa Hoosier Dome, Indianapolis, kuangalia WrestleMania ya nane. (Hesabu hiyo ni ya kampuni yenyewe, na kampuni za mieleka hazijawahi kuona haya kwenye kuhesabu watu. Tuichukue hivyo hivyo.) Hulk Hogan alipanda ulingoni usiku ule. Ric Flair naye alipanda. Ila kila mmoja alipanda kwa saa yake, na mtu wake. Wanaume wawili ambao Marekani nzima ya mieleka ilikuwa imewasubiri wakutane walipishana humo ndani kama madereva wa zamu tofauti.

Hilo ndilo pambano ninalotaka kuliandikia historia yake leo. Ndiyo, historia ya kitu ambacho hakikutokea. Najua wapo wadau watakaosema nimekosa kazi ya kufanya, na tena wataongeza kwamba mieleka ya Marekani ni maigizo, mshindi anapangwa kabla. Kweli kabisa. Kampuni yenyewe ya Vince McMahon, WWF, ilikubali hivyo mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey mwaka 1989, kwa sababu za kibiashara tu: ukisema ni burudani unakwepa tume ya michezo na kodi zake. Lakini hapo ndipo utamu ulipo. Kama mshindi anapangwa, basi pambano lisilofanyika nalo lilipangwa lisifanyike. Kuna mtu alikaa mezani akaamua. Kwa nini?

Kwanza kwa faida ya wasiojua. Mtaani kwetu mieleka ilikuja kwa kanda za VHS zilizorudufiwa mpaka picha ikawa chenga tupu, na karibu zote zilikuwa za WWF. Kwa hiyo Hogan kila mtu alimjua: ndevu za njano, anachana fulana, anapigwa, anapigwa, halafu anatikisa kichwa na kidole, na hapo unajua adui kwisha habari yake. Steringi hafi. Flair? Wengi tulimsikia ukubwani. Na kumbe hata Marekani kwenyewe mambo yalikuwa hivyo hivyo, nchi moja lakini dunia mbili.

Hogan, jina lake halisi Terry Bollea, alichukua mkanda wa WWF kwa Iron Sheik pale Madison Square Garden, New York, Januari 23, 1984. McMahon akamjengea kila kitu juu yake: WrestleMania ya kwanza mwaka 1985, katuni, midoli ya watoto, na ile siku ya Pontiac Silverdome mwaka 1987 alipombeba André the Giant mbele ya watu 93,173 (hesabu za kampuni tena, jamani). Flair alikuwa bingwa wa upande wa pili, NWA, umoja wa mapromota wa mikoa ulioanzishwa mwaka 1948 huko Iowa. Alimpiga Dusty Rhodes akapata ubingwa mara ya kwanza Septemba 1981. Bingwa wa NWA alikuwa kama mchezaji wa kukodiwa: leo Carolina, kesho Florida, keshokutwa Missouri, na kila mji anapambana na shujaa wa hapo kwa dakika hata sitini, anamfanya mwenyeji aonekane karibu kushinda, halafu anaondoka na mkanda wake kwa hila. Watu wanabaki wanasema, "Angalau kidogo tu." Mwezi ujao wanalipa tena kiingilio.

Ni kazi mbili tofauti kabisa. Kazi ya Hogan ilikuwa kushinda. Kazi ya Flair ilikuwa kumfanya mwenzake aonekane mshindi. Mashabiki wao walidharauliana: wa Flair waliona Hogan ni katuni ya watoto, wa Hogan hawakuona hata sababu ya kujua Flair ni nani. Jaribu kufikiria Simba na Yanga zinaishi miaka saba, kila moja na ligi yake, kila moja inadai bingwa wa nchi ni yeye, hazijawahi kukutana hata kirafiki. Halafu siku moja nahodha wa Yanga anaonekana Msimbazi, kombe la ligi yao liko kwapani.

Sitanii. Ndicho kilichotokea.

Mwaka 1988 bilionea Ted Turner alinunua kampuni kubwa kuliko zote za upande wa NWA, ambayo baadaye ikajulikana kama WCW. Akaja bosi anaitwa Jim Herd, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa kwenye biashara ya Pizza Hut. Herd na Flair hawakuiva chungu kimoja. Walivurugana kuhusu mkataba, kuhusu pesa, kuhusu Flair kuonekana mzee. Julai 1991 Herd akamfukuza akiwa bado bingwa. Ukimfukuza bingwa, unataka mkanda wako. Sasa kulikuwa na utaratibu wa zamani wa NWA: bingwa anaweka dhamana ya dola 25,000 ili asije akakimbia na mkanda, na siku akivuliwa anarudishiwa pesa yake. Flair akasema, nirudishieni pesa yangu. Pesa haikuja. Basi naye akabaki na mkanda.

Napenda sana sehemu hii kwa sababu haikuandikwa na mtunzi yeyote. Ni mgogoro wa kazi, mfanyakazi anashikilia mali ya mwajiri mpaka alipwe haki yake. Julai hiyo hiyo WCW ikafanya onyesho kubwa Baltimore bila bingwa na bila mkanda wa maana, na watu ukumbini wakawa wanaimba kwamba wanamtaka Flair. Mwezi uliofuata, kwenye SummerSlam ya WWF, msemaji mwenye mdomo mrefu kuliko wote, Bobby Heenan, akaenda na ule mkanda wa dhahabu kugonga mlango wa chumba cha Hogan, akamwambia bingwa wa kweli wa dunia anamtaka. Hogan akamfungia mlango usoni.

Muda si mrefu Flair mwenyewe akatokea. WCW wakaenda mahakamani kudai mkanda wao, ukarudishwa, na WWF wakampa Flair mkanda mwingine wa kushika, halafu kwenye televisheni wakauziba kwa ukungu wa video eti watazamaji wasiuone. Kwa mimi ile ni mojawapo ya picha bora za mieleka ya miaka ile: bingwa anaringia kitu ambacho hakionekani.

Hogan na Flair walianza kupigana, ndiyo, lakini kwenye maonyesho ya mikoani yasiyoonyeshwa kwa taifa zima, miezi ya mwisho ya 1991. Hata Madison Square Garden walikutana. Kwenye televisheni Flair alikuwa anamzunguka tu. Novemba 27, Detroit, alisukuma kiti ulingoni Undertaker akamtumia kumpokonya Hogan mkanda. Siku sita baadaye, San Antonio, Hogan akaurudisha, kwa utata tena, mkanda ukatangazwa wazi. Ikaamuliwa kwamba atakayebaki wa mwisho kati ya watu 30 kwenye Royal Rumble ndiye bingwa.

Januari 19, 1992, Albany, New York. Flair aliingia wa tatu. Alikaa mle ndani kama saa nzima, mtu wa miaka 42, anatupwa, anarushwa, anaomba msamaha kwa magoti, anamchoma mtu vidole machoni, anaanguka kifudifudi kama gogo. Kama hujawahi kuiona hiyo saa moja, itafute. Mwishoni walibaki yeye, Hogan na jitu moja linaitwa Sid Justice. Sid akamtupa Hogan nje kwa nyuma, kihalali kabisa kwa sheria za mchezo ule. Na Hogan, steringi wetu, badala ya kukubali, akasimama chini akamshika Sid mkono akamvuta. Flair akamalizia kumsukuma. Flair bingwa.

Sikiliza sauti ya ukumbi pale Hogan anapotoka: watu wanashangilia. Wanamshangilia aliyemtoa! Waliporudia kuonyesha tukio lile kwenye televisheni, maelezo yalikuwa yamebadilishwa ili Hogan aonekane ndiye aliyedhulumiwa. Mtu anayemiliki kanda ndiye anayemiliki kumbukumbu, wadau, na hili litarudi huko mbele.

Baada ya Albany kila kitu kilikuwa tayari. Jack Tunney, rais wa WWF wa kwenye televisheni, akafanya mkutano na waandishi na kumtangaza Hogan kuwa mpinzani wa Flair WrestleMania. Ikasemwa hadharani. Halafu baada ya wiki chache ikabadilika: Hogan na Sid, Flair na Randy Savage. Mapambano makuu mawili badala ya moja.

Sababu zinazotolewa ni nyingi. Wapo wanaosema yale maonyesho ya mikoani hayakuvuta watu kama ilivyotarajiwa, kwamba watoto waliomzoea Hogan hawakumjua Flair na McMahon hakujishughulisha kuwaeleza. Wapo wanaosema lawama ni za dawa za kuongeza misuli. Juni 1991 daktari George Zahorian wa Pennsylvania alitiwa hatiani kwa kuwauzia wanamieleka hizo dawa, jina la Hogan likatajwa, naye akaenda kwenye kipindi cha Arsenio Hall akakanusha kwa namna ambayo wachache waliiamini. Ilikuwa wazi kwamba baada ya WrestleMania atakaa pembeni. Hata matangazo yalianza kuuliza kama hii ndiyo mechi yake ya mwisho.

Yote hayo yana uzito. Ila mimi nadhani sababu kubwa zaidi iko ndani ya pambano lenyewe. Halikuwa na mwisho unaoandikika.

Tukae sisi wenyewe kwenye ile meza. Ni Februari 1992. Hogan na Flair, WrestleMania, mkanda uko kwa Flair. Nani ashinde?

Akishinda Hogan, unampa mkanda mtu anayeondoka kesho, na jina lake liko kwenye magazeti kwa habari za sindano. Itabidi umvue haraka, au akae nao nyumbani. Tena unakuwa umeuambia umma kwamba ule ubingwa wa upande wa pili, wa dakika sitini kila usiku, ulikuwa unasubiri teke moja la usoni na paja moja la shingoni tu. Utakuwa umemnunua Flair ili umchinje siku ya kwanza.

Akishinda Flair, WrestleMania inafungwa na adui anacheka na watoto wanalia. Mwaka 1990, Toronto, Hogan alishapigwa na Ultimate Warrior, lakini Warrior naye alikuwa steringi, watoto walihama tu bango. Adui kufunga WrestleMania na mkanda kiunoni hakukuwahi kutokea. Ilibidi isubiriwe mpaka mwaka 2000, Anaheim, Triple H. Miaka minane mbele!

Na bila mshindi? Mwamuzi avunje pambano kwa fujo? Ndivyo walivyomaliza la Hogan na Sid: Papa Shango alitakiwa aingie kuharibu, akachelewa, Sid akabaki anashangaa, fujo ikaja, Ultimate Warrior akatoka mbio kumwokoa Hogan. Kwa Sid watu walivumilia. Kwa Flair, baada ya kusubiri miaka yote ile, wangechoma viti.

Lakini acha niliandike hata hivyo, maana nimelibeba kichwani muda mrefu. Taa zinazimwa, unapigwa ule muziki wa Richard Strauss, Flair anatoka na joho linalometameta, Heenan kulia kwake na Mr. Perfect kushoto. Hogan anakuja na makelele yake, ila safari hii ukumbi umegawanyika kama Albany, na hakuna wa kufuta sauti. Dakika kumi za kwanza ni za Flair: makofi ya kifuani yanalia kama ubao, anashughulikia goti. Hogan ni mzito, hapumui vizuri, na Flair anajua kazi yake, anageuza hata uchovu wa mwenzake uwe hadithi. Dakika ya kumi na tano anamfunga ile mifundo ya miguu. Hogan anatetemeka, anaamka, kidole kinanyooka, ngumi tatu, teke, paja. Moja, mbili... Mr. Perfect anaweka mguu wa Flair kwenye kamba. Hogan anageuka kubishana na mwamuzi, kama alivyobishana Albany. Flair anamviringisha kutoka nyuma, miguu yake mwenyewe iko juu ya kamba, mwamuzi haoni. Tatu.

Hapo sasa Hogan anaondoka likizo akiwa ameshindwa na ana deni la kudai. Flair ana kitu ambacho hajawahi kupata. Na McMahon ana hadithi ya mwaka mzima. Mimi ningelipia.

Ila ningelipia na nini? Hapa ndipo mashabiki wenzangu wa "ingekuwaje" huwa hawapendi kufika. Kwenye historia yangu hiyo nzuri, Randy Savage hana kazi usiku ule. Na pambano lililopigwa kweli Indianapolis, la Flair na Savage, ndilo bora la usiku ule baada ya Bret Hart na Roddy Piper, na wengine wangesema bila hata hiyo "baada ya". Flair alidai kwamba Miss Elizabeth, mke wa Savage, alikuwa wake kabla, akaonyesha picha za kughushi. Savage alipanda na hasira zake zote. Flair akatoka damu wakati kampuni ilikuwa imeikataza damu. Savage akashinda kwa kushika suruali ya Flair, yaani kwa hila ya Flair mwenyewe. Kisha Savage na Elizabeth pamoja ulingoni, mkanda begani. Walikuwa mke na mume wa kweli, na mwaka huo huo wakaachana. Elizabeth alifariki 2003, Savage 2011. Ukiniambia nichague kati ya usiku ule na ndoto yangu, nitasita, na kusita kwenyewe kunaonyesha ndoto haikuwa kubwa kama nilivyodhani.

Ipo pia habari kwamba hatimaye walikutana. Flair aliondoka WWF mwanzoni mwa 1993 akarudi WCW. Hogan naye akasaini WCW Juni 1994. Julai 17, 1994, Orlando, wakapigana rasmi mbele ya taifa, Flair ana miaka 45, Hogan 40. Hogan akashinda, mara ya kwanza tu, Shaquille O'Neal akiwa pale pembeni. Oktoba, Detroit, ndani ya uzio, Hogan akashinda tena na Flair akalazimika "kustaafu" kwa miezi kadhaa. Wengi wanasema basi si mlilipata pambano lenu? Hapana. Mwaka 1992 Flair alikuwa mgeni anayevamia nyumba ya Hogan na kombe la kwao. Mwaka 1994 Hogan ndiye aliyevamia, akakaa kiti cha baba mwenye nyumba, akala na akiba. Na Julai hiyo hiyo ya 1994, kwenye kesi ya McMahon huko New York, Hogan alikiri chini ya kiapo kwamba alitumia zile dawa kwa miaka mingi. McMahon aliachiwa huru Julai 22, siku tano baada ya Orlando.

Machi 2001 WWF ikainunua WCW. Kanda zote, za Greensboro na za Madison Square Garden, zikawa kabati moja. Tangu hapo kampuni ndiyo inayohesabu. Inasema Flair alikuwa bingwa wa dunia mara 16, ingawa wapo wanaohesabu mikanda ileile wakafika zaidi ya 20, na ni kwa hesabu hiyo ya 16 ndipo John Cena alipotangazwa kuvunja rekodi Las Vegas, Aprili 2025. Kwa Hogan hesabu ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 2015 kampuni ilimtimua baada ya maneno yake ya kibaguzi dhidi ya watu weusi kuanikwa, ikamrudisha 2018, na Januari 2025, Los Angeles, alipopanda jukwaani moja kwa moja kwenye Netflix, ukumbi ukamzomea tangu alipotokea mpaka alipoondoka. Safari hii sauti haikubadilishwa na mtu. Alifariki Julai mwaka huo huo.

Hoosier Dome nayo haipo. Walibadilisha jina ikaitwa RCA Dome, na Desemba 20, 2008 wakaibomoa kwa baruti ili kupanua jengo la mikutano.